Makadirio ya sarafu ya shaba: nyota moja (au mbili, sijui)

Duka silitaji, sitaki kesi. Lakini yule kijana wa kaunta, jamani! Nilimpelekea sarafu yangu ya shaba ya New Jersey, Marekani, ya 1787 (upande mmoja kichwa cha farasi na plau, wa pili ngao) anikadirie bei. Sijamaliza hata salamu, keshaitoa kwenye kibahasha chake na kuibana katikati, kidole gumba juu ya uso wa farasi. Sarafu hushikwa ukingoni! Halafu akalamba kidole, na hapa siongezi chumvi, akaanza kusugua chini ya plau, eti auone mwaka vizuri.

Shaba si dhahabu. Ile rangi ya kahawia imejijenga kwa zaidi ya miaka 200, na bei iko humo. Ukiisugua inatoa wekundu mbichi ambao mnunuzi yeyote makini atauona akiwa mlangoni. Nikamwomba aache. Akanitazama kana kwamba nimemkopa nikakataa kulipa, akafungua kitabu cha bei, kidole kikashuka hadi kwenye mstari wa mwaka 1787, akanitajia pesa isiyojaza hata tangi la gari. Na hiyo pia ni hisani, akasema, kwa sababu sarafu imekwaruzwa.

Imekwaruzwa!

Sarafu hizi hazithaminiwi kwa mwaka peke yake. Mihuri ya chuma ya kuzipigia chapa ilichongwa kwa mkono, mmoja haufanani na mwingine, ndiyo maana Dkt. Edward Maris wa Philadelphia alizipanga katika orodha yake ya 1881: namba kwa upande wa farasi, herufi kwa upande wa ngao. Mbili za mwaka uleule zinaweza kuachana bei kama mbingu na ardhi. Yangu ni 56-n, ile wakusanyaji wanayoiita kichwa cha ngamia, na ukimwangalia huyo farasi usoni huwezi kuwalaumu. Si adimu, sidanganyi mtu. Utamu wake ni kwamba mara nyingi ilipigwa juu ya sarafu nyingine zilizokuwa tayari mitaani, za jimbo la Connecticut zikiwemo, kwa kuwa ya New Jersey ilipokelewa kwa thamani kubwa zaidi. Iinamishe kidogo chini ya taa: pembeni mwa ngao kuna ET LIB, kichwa chini miguu juu, mabaki ya maandishi INDE ET LIB ya sarafu ya Connecticut iliyo chini yake. Hiyo ndiyo "mikwaruzo" ya bwana mdogo.

Sauti yangu ilikuwa imeshapanda, nakiri, ndipo akatoka mzee mmoja chumba cha nyuma. Hakuuliza kulikoni. Akaishika ukingoni, akaiweka kwenye mizani. Sheria ya New Jersey ya 1786 ilitaka gramu 9.7 hivi; yangu haifiki, na yeye akasema mwenyewe kwamba ndivyo zilivyo hizi, uzito ni wa ile iliyolala chini. Akaweka lenzi jichoni, akaizungusha taratibu, akasoma herufi moja moja kwa sauti ya chini hadi akatabasamu. Bei aliyotaja ilikuwa ya haki kabisa. Akaniomba radhi pia. Kijana yuko pale pale anapangusa kioo cha kaunta, hayamhusu.

Kwa ajili ya mzee huyo nilikuwa nimeandika nyota nne. Nimezifuta. Nimeitazama tena hii sarafu mchana, kwenye mwanga wa jua, na juu ya tarakimu mbili za mwisho za mwaka kuna alama ya kidole inayong'aa, na haiondoki. Mniambie nani atanilipa hiyo. Mzee? Hana kosa. Ila ndiye aliyemweka yule pale mbele!

Basi mbili, na ya pili ni ya mzee peke yake. Mkitaka kwenda pigeni simu kwanza muulize kama yupo. Wakisema katoka, msisumbuke kuwasha gari.