Sutie ya futingi: angalieni mkanda wa chini kwanza

Mwezi wa pili nilianza futingi, kukimbia kwa mazoezi, saa kumi na mbili ya asubuhi hapa Goma, kutoka Himbi mpaka kwenye sanamu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kurudi. Miguu haikunisumbua. Kilichonimaliza ni mabega na shingo, narudi nyumbani kamba zimechimba mitaro begani, chini ya matiti ngozi imechubuka, maji ya kuoga yakigusa pale nafunga macho. Nikadhani ni unene wangu. Kumbe ni sutie, sidiria kama wengine mnavyosema, niliyouziwa dola 15 kule Birere na mama aliyeniapia kwamba ni ya michezo, orijino kabisa.

Rangi mtajichagulia. Mimi niko na neno moja tu: mkanda wa chini, ule unaozunguka mbavu. Titi halina msuli wa kulishika, ni ngozi na nyuzi nyembamba tu, na ukikimbia halipandi na kushuka peke yake, linaenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma. Wa kubeba mzigo huo ni mkanda, si kamba. Mkanda ukilegea tunakaza kamba, karibu sisi wote, basi uzito unahamia begani na shingo inaanza kuuma. Ile yangu nikiinua mikono mkanda unapanda mpaka juu ya matiti. Hapo hamna sutie.

Kwa hiyo ukijaribisha, inua mikono, ruka ruka hapo hapo hata watu wakikuangalia, mkanda usisogee. Vidole viwili viingie chini yake, visizidi. Na ikiwa mpya ifungie kwenye ndoano ya mwisho, ile ya kulegea kabisa, maana mpira unavutika na siku, zile zingine utazihitaji baadaye.

Namba moja kwangu ni sutie ya Shock Absorber ya kukimbilia, sibadilishi. Mkanda mpana, ndoano chini na ingine juu kwenye kamba, unachagua kwa namba ya mbavu na ya kikombe, pale titi linapokaa. Dada yangu alinitumia kutoka Ubelgiji na wiki ya kwanza tu shingo ilitulia. Ya pili Panache Sport, kila titi na kikombe chake. Ya tatu Enell, inafungwa mbele, mwenye kifua kizito hahangaiki kukunja mikono mgongoni akiwa na jasho. Zile za bei ya chini za kuvalia kichwani, S, M, L, mwenye kifua kidogo zitamtosha, mwingine apite.

Za chagua, yaani mitumba, sizikatai, ila vuta mkanda karibu na sikio. Ukisikia kra kra, mpira umekufa, rudisha.

Lakini wauzaji wetu jamani! Asubuhi dola 12, mchana kitu kile kile 20 kwa sababu wameona umevaa basketi nzuri, viatu vya michezo. Pa kujaribishia hakuna, unaambiwa pima juu ya jaketi. Yule mama alikataa noti yangu ya dola 10 ju ya kapasuko kadogo kama ukucha wa mtoto, nikaenda kuibadilisha kwa hasara, halafu nilipomrudishia sutie yake akasema nimeshaichafua. Iliniuma kweli. Sasa nikienda sokoni navaa fulana nyembamba ndani, napima juu yake, na muuzaji asiyetaka niruke namuachia kitu chake naenda kwa mwingine.