Dumbak ya mfenesi ya kukereza: uzoefu wangu baada ya ngoma mbili

Wazee husema ngoma ikilia sana hupasuka. Dumbak yangu ya kwanza ya mbao, ngoma ya mkono yenye mdomo mpana na shingo nyembamba, ilipasuka hata kulia haijalia. Nililipa shilingi 150,000, nikapanda nayo daladala nimeipakata kama mtoto mchanga. Siku ya kumi na moja, asubuhi na mapema, nikasikia "ta!" chumbani. Kwenda kutazama, ufa umeteremka kutoka mdomoni mpaka shingoni, kidole cha mtoto kinaingia.

Nianze na kwa nini nilitaka ya mbao. Napiga dumbak kwenye kikundi cha kidumbak, muziki wa kuchezea ulio ndugu wa taarab, hapa Unguja, harusi nyingi, na mara mojamoja taarab yenyewe. Ya udongo ina sauti tamu mno, ila ikidondoka mara moja tu basi, na yangu ilidondoka wakati tunashusha vyombo kwenye gari. Nikahamia ya alumini yenye ngozi ya plastiki. Haivunjiki na haijali mvua, lakini "tak" yake, pigo kali la ukingoni, inachoma masikio na kumfunika mpiga fidla. Akaniambia waziwazi: "Ama utafute ngoma nyingine, ama mimi nikae mbali na wewe."

Fundi wa kwanza simtaji. Kazi yake ya kila siku ni kukereza miguu ya vitanda, yaani kuichonga mbao ikizunguka mashineni, na mkono anao: umbo alilonitolea lilikuwa zuri kuliko hata picha niliyompelekea. Kosa lilikuwa kwenye gogo. Lilikatwa wiki mbili tu kabla, bado linatoka maji, na kiini chake, ule uti wa katikati kabisa ya mti, hakikupita katikati ya tundu, kilibaki ndani ya ukuta wa ngoma upande mmoja. Mti ukikauka husinyaa, na kwa kufuata mzunguko wa pete zake husinyaa karibu mara mbili kuliko kutoka kiini kwenda gome. Kiini kikibaki ndani ya ukuta mwembamba, pale ndipo panapoachana. Nilipomrudishia akatazama, akasema, "Mbao ni mbao, shekhe," akaujaza ufa kwa gundi na unga wa mbao. Ilishika mpaka siku ya kuwamba ngozi. Tangu hapo kila "dum", pigo zito la katikati ya ngozi, ilikuja na mkwaruzo wake.

Wa pili nilielekezwa na yule yule mpiga fidla. Ni mzee, karakana yake iko nyuma ya nyumba, haina hata kibao. Kabla ya kuniuliza habari ya pesa aliniuliza ngoma italala wapi, chumba kina kiyoyozi au feni, naiweka karibu na dirisha? Nilimwambia nataka mvule, maana nimezoea kusikia mvule ndiyo mbao. Akakataa. Mvule, alisema, mara nyingine una mawe ndani yake, vidonge vigumu vya chokaa ambavyo mti wenyewe huvitengeneza, na bobari, patasi ya kukerezea, ikikutana na jiwe hilo makali yote yanakwisha. Tena vumbi lake linamkaba kifua. Kwa ngoma yeye ni mfenesi tu. Baadaye nikajua kwamba hata ngoma ya mridangam ya India Kusini huchongwa kwa mfenesi, kwa hiyo mzee hakuwa akinitania.

"Lini itakuwa tayari?" nikauliza.

"Miezi minane. Ukitaka ya wiki ijayo kanunue ya plastiki, mwanangu."

Nilikaribia kuondoka. Kilichonizuia ni rafu yake. Kulikuwa na miili ya ngoma kama kumi hivi, imekerezwa nusu tu, minene na mibaya, midomo yote imepakwa nta, na kila mmoja umeandikwa namba kwa penseli ubavuni. Nikadhani ni bei. Kumbe ni uzito. Kila baada ya muda anaiweka kwenye mizani ya dukani na kuandika kilo zake. Namba ikirudi ile ile mara mbili, mbao imekauka, anaipandisha tena mashineni. Ya kwangu ilikuja kusomeka 5.6, 4.7, 4.1, 3.9, 3.9.

Aliniruhusu nitazame mara zote mbili, na hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda kwa haki. Siku ya kwanza alipima katikati ya gogo kutoka kwenye kiini, si kutoka kwenye gome. Gome humdanganya mtu, kwa sababu mti wenye kuegemea upande mmoja kiini chake hakikai katikati. Akatoboa tundu refu kwa keekee ndefu, kiini chote kikatoka, ndipo akafunga gogo kwenye sahani ya chuma kwa skrubu ndefu. Akaniambia skrubu fupi hazishiki kwenye kichwa cha gogo, na kipande cha kilo kadhaa kikichomoka hapo humtafuta mtu usoni. Mashine yenyewe ya kuunga: mota, mkanda, puli za ukubwa tofauti. Alianza taratibu kabisa, gogo likitikisa meza nzima, na hakuongeza kasi mpaka lilipokuwa duara. Maranda ya mfenesi ni ya manjano, mabichi, yana harufu. Yalinijaa mpaka kwenye viatu. Ukuta akauacha na unene wa sentimita mbili na nusu hivi, ili pabaki nyama ya kukereza tena itakapokuwa imepinda.

Na ilipinda. Miezi minane baadaye aliipandisha tena, ikawa inayumba kama mlevi. Kulia na kushoto akaweka mhimili wa vigurudumu vidogo vya kushika shingo isichezecheze, akaingiza bobari yenye mpini mrefu kama mkono wangu wote, akaanza kuchimba ndani. Hakuwa akitazama. Alikuwa akisikiliza. Ukuta ukipungua sauti ya bobari inabadilika, na kila baada ya muda anazima, anagonga kwa kifundo cha kidole juu, katikati, chini. Umeme ukakatika katikati ya kazi (Unguja hiyo, huwezi kuikosa), tukanywa chai saa nzima. Alisimamisha ukuta kwenye milimita kumi, na ukiuzungushia vidole huoni mahali panene wala pembamba. Mtu wa shoka na tezo anaweza kuchonga ngoma nzuri sana, ninazo mbili ninazozipenda, lakini usawa huo hautoki kwenye tezo.

Sauti? "Dum" inashuka chini na kutulia, haivumi ovyo. "Tak" ni kavu, si kali kama ya udongo, na kwenye harusi ya nje bila kipaza sauti hilo ni pungufu. Ndani ya ukumbi ni raha tupu. Mpiga fidla amerudi kukaa karibu nami. Pamoja na ngozi na pete ya kuibana ni kama kilo mbili, sichoki pajani mpaka alfajiri.

Malalamiko yangu ninayo. Shilingi 320,000 si mchezo, na ngozi ilikuwa juu yangu, kwa sababu mzee hawambi. Alinituma kwa mwingine, mbuzi mmoja na siku tatu za kungoja. Simu hapokei, lazima uende. Ukingo wa mdomo aliuacha na kona inayokata vidole, nikaulainisha mwenyewe kwa msasa nikiwa na hofu ya kuharibu. Na vanishi! Aliipaka inayong'aa kama meza ya sebuleni. Ukiwa umevaa kanzu, dumbak inateleza pajani kila ukipiga kwa nguvu. Nimeikwangua upande unaolala, nikapaka nta ya nyuki, sasa inatulia. Masika ngozi hulegea, nabeba jiko dogo la mkaa niipashe moto kabla ya kupiga. Hilo simlaumu mtu, ndiyo ngozi ya mbuzi.

Anayetaka ngoma ya harusi ya mwezi ujao asiende kwa mzee huyu, atagombana naye bure. Mimi nimerudi kuagiza jozi ya vidumbak vidogo. Wiki iliyopita nilipita kutazama. Kimoja kimeandikwa 2.9, 2.4, 2.2. Mwenzake anasoma 2.3, na mzee ameshanikataza kuvigusa.