Canon EF 100mm f/2.8L Macro IS USM mbele ya kereng'ende wembamba

Lenzi hii ya makro, yaani ya kupiga picha za vitu vidogo kwa karibu, ilipotoka mwaka 2009, kilichosifiwa kuliko vyote ni kifaa chake cha kutuliza mtikisiko wa mkono. Mimi nimeitumia misimu mitatu kupiga picha za kereng'ende wembamba, yaani wale wa kundi la Zygoptera ambao wengi wao hukunja mbawa juu ya mgongo wanapotua, tena kwa mwanga wa asili peke yake bila flashi. Katika kazi hiyo kifaa hicho kimenifaa kidogo kuliko nilivyotarajia, na lenzi yenyewe imenifaa zaidi, kwa sababu ambazo matangazo yake hayakuzitilia mkazo.

Sababu ya kwanza ni nafasi. Umbali mfupi kabisa wa fokasi umeandikwa kuwa sentimita 30, lakini kipimo hicho huanzia kwenye sensa (kipande ndani ya kamera kinachopokea picha), wala si kwenye ncha ya lenzi. Ukitoa urefu wa lenzi, ambao ni milimita 123, na kina cha kamera nyuma yake, kioo cha mbele hubaki takribani sentimita 13 kutoka kwa mdudu. Ni nafasi ndogo, lakini kwa kereng'ende huyu inatosha, na lenzi fupi za makro, kama zile za milimita 60, hazifiki hapo. Macho yake yamechomoza pande mbili za kichwa na huona mwendo upesi sana. Akishtuka kidogo haruki, bali huzunguka ubua na kujificha upande wa pili, na mpiga picha akimfuata huko naye hurudi alikotoka. Uzuri ni kwamba lenzi hii hufanya fokasi kwa ndani na urefu wake haubadiliki, hivyo hakuna bomba linalochomoza kuelekea kwa mdudu wakati ambapo utulivu ndio unaotakiwa zaidi. Kinga ya jua inayokuja nayo mimi huivua, kwa sababu ni ndefu na hula sehemu kubwa ya zile sentimita 13, tena huangusha kivuli pale pale panapohitaji mwanga. Jua likiwa mbele yangu, huukinga uso wa lenzi kwa kofia.

Kuhusu ukuzaji, lenzi hufika 1:1, maana yake kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24 fremu nzima huwa na upana wa milimita 36 za kitu halisi. Kwa kuwa kereng'ende wembamba wengi wana urefu wa milimita 30 hadi 40, picha ya mwili mzima kwa kawaida huchukuliwa kabla ya kufika huko, na 1:1 hubaki kwa ajili ya kichwa na kifua. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu: katika 1:1, kwa f/8 (namba ya f hupima tundu la lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo), eneo lililo kwenye fokasi halizidi sana milimita moja, wakati katika nusu ya ukuzaji huo linakaribia milimita tatu. Kufunga tundu hadi f/16 hakuokoi mengi, kwani kwa ukaribu huo mwanga hupinda kwenye kingo za tundu na vinyweleo vya miguuni hupoteza ukali wake. Dawa ni kupanga mwili wa mdudu uwe sambamba na sensa, toka macho hadi ncha ya tumbo, jambo ambalo hugharimu dakika nyingi za kupiga magoti kwenye umande. (Lenzi imekingwa dhidi ya vumbi na unyevu, suruali yangu haikukingwa.)

Sasa turudi kwenye kile kifaa cha kutuliza mtikisiko. Canon wenyewe wanaeleza kwamba msaada wake ni hatua nne za mwanga (kila hatua huruhusu muda wa kupiga picha urefushwe mara mbili) kwa vitu vya mbali, tatu kwa nusu ya ukuzaji, na mbili tu katika 1:1. Hatua mbili zingeweza kumshusha mtu kutoka sekunde 1/125 hadi 1/30, lakini kwa 1/30 nyasi anayotua kereng'ende huyumba hata pale ambapo shavuni husikii upepo, na hakuna kifaa ndani ya lenzi kinachoweza kuituliza nyasi. Faida niliyoiona ni moja: taswira hutulia ndani ya kitafutio (kidirisha cha kutazamia), na hivyo kulenga jicho kunakuwa rahisi.

Mwanga wenyewe ndio unaoamua yaliyobaki. Alfajiri mdudu bado ni wa baridi na hawezi kuruka, umande umemkaa mwilini, na mwanga ni laini. Ila ni haba, na lenzi nayo katika 1:1 hupoteza kiasi, hata f/2.8 ikapitisha mwanga kama wa f/5.6. Hapo mimi hupandisha ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) bila kinyongo, maana chembechembe kwenye picha zinavumilika kuliko jicho lililofifia. Jua likipanda, kifua chenye mng'ao wa chuma hutoa mabaka meupe yasiyo na rangi, na rangi ya buluu huonekana imechujuka. Wingu jembamba hutibu hali hiyo. Lisipokuwepo, kitambaa cheupe kinachopitisha nuru hutosha. Mandharinyuma yakiwa mbali kidogo, tundu lenye mapanga 9 (vibati vinavyolifunga) huyageuza kuwa rangi tupu iliyotandazwa.

Fokasi ya kiotomatiki ni ya haraka na ya kimya, na swichi ya kuibana kati ya sentimita 30 na 50 ina maana. Hata hivyo, katika 1:1 mwili wa mpiga picha huyumba zaidi ya ile milimita moja, kwa hiyo mimi huipanga fokasi kwa mkono, kisha husogea mbele na nyuma taratibu hadi jicho likae sawa. Toleo la RF la mwaka 2021, yaani la kamera za Canon zisizo na kioo cha kuakisi, hufika ukuzaji wa 1.4, lakini kwa mdudu wa urefu huu ni mara chache nimeuhitaji.

Uzito wa gramu 625 hauchoshi mkono. Anayekusudia kutumia stendi ya miguu mitatu alfajiri ajue tu kwamba pete ya kuifungia lenzi huuzwa peke yake, na aiweke kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu bila hiyo kugeuza kamera wima mbele ya ubua huvuruga mpangilio wote.