Kozi ya huduma ya kwanza kabla ya kuanza udaktari: ipi ulipie, ipi uiache

Kozi yangu ya kwanza nililipia mjini hapa Unguja, wiki mbili baada ya matokeo ya kidato cha sita. Tulikuwa watu 32 ndani ya ukumbi mmoja, na mdoli mmoja wa kufanyia mazoezi ya kuokoa aliyesimama moyo. Zamu yangu ilifika saa nane mchana. Nikapiga magoti, nikakandamiza kifua mara kumi hivi, mwalimu akasema, "Vizuri dada, mwengine." Mdoli mwenyewe springi yake ilishakufa, ukibonyeza kifua kinabaki chini kama godoro la zamani. Jioni nikatoka na cheti cha karatasi ngumu chenye utepe wa dhahabu, nikakionesha nyumbani kwa madaha. Pesa yote ile nilinunua utepe.

Kwa hiyo hapa sipangi kozi kwa uzuri wa cheti. Napanga kwa dakika ambazo mikono yako itakuwa juu ya mdoli, na mtu anayejua akikurekebisha. Cheti chenyewe usikihangaikie, maana udahili wa udaktari, uwe wa chuo kikuu cha SUZA hapa Zanzibar au MUHAS cha Dar, unatazama alama zako za Fizikia, Kemia na Biolojia. Unasoma kozi hii kwa sababu jirani wakishasikia umepata chuo cha udaktari, wewe ndiye utakayegongewa mlango usiku, hata kama daftari hujalifungua.

Ya kwanza: mafunzo ya Msalaba Mwekundu, ana kwa ana. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kinafundisha huduma ya kwanza, na ukijiunga na tawi kama mtu wa kujitolea unapata la ziada: unarudia mazoezi. Nimekiweka juu pia kwa sababu ya lugha. Siku mtu akianguka sokoni Darajani hutapiga kelele kwa Kiingereza. Utasema, "Wewe mwenye kanzu nyeupe, piga 112! Nyie wengine rudini nyuma apate hewa!" Maneno haya nayo yanataka mazoezi, yasikukwame kooni.

Halafu kuna mambo ya nyumbani. Mtoto kaungua kwa uji, bibi keshakuja na dawa ya meno na yai. Unatakiwa ujue kumwambia kwa heshima kwamba hapa ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, basi. Mwenye kifafa hatiwi kijiko mdomoni. Kule Pemba msimu wa karafuu mtu akianguka mkarafuuni, wenzake humbeba mikono na miguu kama gunia mpaka kwenye gari, na pengine ni kubebwa huko kunakomvunja shingo iliyokuwa imepata ufa tu. Kozi nzuri itakulaza sakafuni wewe mwenyewe, washike kichwa chako kisitikisike, ujue inavyokuwa kuwa majeruhi. Ikiwa ratiba yao haina hata mfupa mmoja wa kufunga gango, uliza tena unalipia nini.

Ya pili: vituo vya kuzamia. Wengi hawavifikirii hivi. Nungwi, Kendwa, Matemwe na Paje kuna vituo vya wazamiaji vinavyofundisha kozi iitwayo Emergency First Response, ambayo mzamiaji lazima awe nayo, au nyingine inayolingana nayo, si zaidi ya miezi 24 nyuma, akitaka kusomea uokoaji. Si lazima ujue kuzamia. Makundi huwa madogo, na unaweza kushika mdoli mpaka magoti yakuume.

Nawapenda kwa jambo moja: wanachukulia kupulizia pumzi kwa uzito. Siku hizi kuna semina zinazofundisha kukandamiza kifua tu, bila pumzi. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako, hiyo inatosha kuanzia. Lakini sisi tunakaa kisiwani. Aliyetolewa majini moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, na mtoto mchanga vilevile mara nyingi. Mtu aliyekula samaki bunju, sumu ile inalegeza misuli ya kupumua huku moyo unaendelea kudunda, na anachohitaji njia nzima mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja ni mtu wa kumpumulia. Kozi ya visiwani isiyofundisha pumzi ni nusu kozi, hata ikiwa na bei nafuu.

Kasoro zake: bei hutajwa kwa dola, na mwalimu anaweza kuwa Mtaliano anayeongea Kiingereza chake mwenyewe. Omba bei ya mwenyeji. Wakati wa masika ungeweza kusikilizwa. Bahati mbaya likizo yako ya kusubiri chuo, Julai mpaka Oktoba, ndiyo wageni wamejaa.

Ya tatu: BLS (Basic Life Support, kozi ya kuokoa uhai) ya wahudumu wa afya, yenye kadi ya American Heart Association. Kwa ufundi ndiyo bora kuliko zote: inafundisha kufanya kazi watu wawili, kutumia puto la kupumulia, na mashine ya kushtua moyo. Mbona iko ya tatu? Kadi yake inaisha baada ya miaka miwili. Udaktari ni miaka mitano, na wodini unaingia kwa uzito mwaka wa tatu. Ukiinunua sasa, pamoja na nauli ya boti kwenda na kurudi Dar na pa kulala, itakufa mkononi kabla hujamgusa mgonjwa. Iache, uichukue ukikaribia wodi.

Semina za bure za hoteli, skuli na taasisi nenda ukialikwa, ule na sambusa zao. Usizihesabu kama umesoma. Na kozi za mtandaoni peke yake usilipie hata shilingi. Video za bure zitazame kabla ya darasa, zinasaidia, lakini video haiwezi kukuambia kwamba viwiko vyako vimekunjika. Mimi kwenye kozi ya pili mwalimu aliniwekea kiganja mgongoni akasema, "Sukuma kwa kiuno, si kwa mikono," na ndipo mdoli ukaalika kwa mara ya kwanza. Ule mlio "tak" ndio kifua kimeshuka sentimita tano. Zisipungue, wala zisipite sita, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, unakandamiza mara 30 kisha pumzi mbili, na kila ukishuka ukiacha kifua kirudi juu chote. Dakika mbili tu, jasho likanitiririka ndani ya mtandio.

(Midoli hii ina asili ya midoli kweli. Wa kwanza ulitoka mwaka 1960 kwa Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea wa Norway.)

Kabla ya kulipa, piga simu uulize: midoli mingapi kwa watu wangapi? Zaidi ya watu sita kwa mdoli mmoja, mimi siendi. Upo mdoli wa mtoto mchanga? Mnafundisha pumzi? Nikikosea mnanirudisha nirudie zoezi? Akikujibu "cheti utapata tu, usijali," kata simu. Kwa wasichana, uliza kama yupo mwalimu wa kike, na vaa suruali ndani ya baibui, maana utashinda umepiga magoti.

Mlioko Chake au Wete, kule Pemba, msipande boti mmoja mmoja. Tafutaneni watu kumi, mumwombe mwalimu aje yeye na begi la midoli; nauli ya mtu mmoja ni rahisi kuliko ya kumi. Ukumbi wa skuli wakati wa likizo hupatikana kwa kuongea vizuri na mwalimu mkuu.

Ukishamaliza, andika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, miezi mitatu mbele, kwa sababu ufundi huu husahaulika ndani ya miezi michache tu. Siku ikifika, weka mto mgumu sakafuni na mwambie mdogo wako ashike saa. Wangu ana miaka tisa, na hanionei huruma: nikipunguza kasi ananiambia mgonjwa keshakufa, nianze upya.