Spektrofotomita ndogo ya mezani: kifaa kinafaa, programu yake inaficha mambo

Nilinunua spektrofotomita ndogo (kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika), ile ya kuchomeka kwenye kompyuta, kwa kazi moja: kupima ukolezi wa rangi kwenye maji, hasa methilini buluu. Huu ni mwezi wa nne naitumia. Kifaa chenyewe sina ugomvi nacho mkubwa. Ugomvi wangu ni na programu iliyokuja nacho.

Siku ya kwanza nilitengeneza miyeyusho sanifu sita, ya miligramu 1, 2, 4, 6, 8 na 10 kwa lita, nikaipima kwenye nanomita 664, mahali rangi hii inapofyonza mwanga kwa wingi. Programu ikachora mstari wa kalibresheni, ule wa kugeuza ufyonzaji kuwa ukolezi, ikaandika R² 0.993 (namba ya jinsi nukta zinavyokaa karibu na mstari; 1 ni kamili) na kuweka vema ya kijani. Nikafurahi. Kisha nikaurudia ule myeyusho wa miligramu 1, ambao niliutengeneza kwa mkono wangu. Jibu: 0.75. Robo nzima imeyeyuka!

Nikahamishia data kwenye lahajedwali nikachora mabaki, yaani kila kipimo kimeachana na mstari kwa kiasi gani. (Ndani ya programu grafu hiyo haimo; nimeitafuta kila kona.) Likatokea tao safi: ncha mbili chini, katikati juu. Pipeti, yaani mrija wa kupimia kimiminika, ikikosea, nukta hutawanyika ovyo, hazijipangi hivyo. Kwenye miligramu 10 ufyonzaji ulizidi 2, maana yake hata asilimia 1 ya mwanga haikuvuka. Hapo mwanga kidogo tu ukivuja ndani ya kifaa, kigunduzi kinadanganyika. Isitoshe, molekuli za methilini buluu zikisongamana huanza kushikana mbilimbili. Sheria ya Beer na Lambert, kwamba ufyonzaji hupanda sawia na ukolezi, hunyoosha mstari kwenye miyeyusho hafifu tu.

Nikaachana na vipimo vya juu, nikabaki na 1, 2 na 4, nikaongeza 3, kila kimoja mara tatu. Myeyusho uleule ukasoma 0.98. Sampuli yoyote iliyokolea sasa naizimua kwanza.

Taa huchukua kama dakika 20 kutulia, jambo ambalo kijitabu hakitaji. Kuveti (vijichupa vya kuwekea sampuli) za plastiki za kwenye boksi zinashika rangi vibaya. Baada ya siku chache, maji matupu yalikuwa yanasoma ufyonzaji wa 0.03. Siku hizi naanza na hafifu nikipanda kwenda kolevu, na kuveti naziosha kwa ethanoli.

Rangi zilizochanganywa, kama tartrazini na Brilliant Blue, programu haiziwezi kabisa kwa kuwa inakubali urefu wa wimbi mmoja tu. Napima kwenye nanomita 427 na 630, halafu natatua milinganyo miwili mwenyewe.

Nyota tatu kati ya tano. Niliwaandikia kuwaomba grafu ya mabaki. Wakajibu kwamba R² yangu ni nzuri sana.