TAHADHARI: Fundi umeme wa magari aliyeniuzia flasha yangu mwenyewe, hapa Tanga

Wenye magari wa Tanga, hasa nyie wenye Corolla, Carina na Mark II za zamani, someni hili kabla hamjapeleka gari kwa fundi umeme msiyemjua. Nimekaa nalo siku tisa kwa aibu. Mke wangu ndiye aliyeniambia niandike, maana jirani yetu naye alikuwa anajiandaa kwenda kwa mtu huyohuyo.

Gari yangu ni Corolla 110 nyeupe. Indiketa ya kushoto ilianza kupiga mbio, tiktiktik kama cherehani, ya kulia iko sawa. Alhamisi nilikuwa na mama kwenye gari, nampeleka kliniki Bombo, na sikutaka kusimamishwa njiani nikiwa na mgonjwa. Nikaegesha kwa huyu bwana wa kontena, pande za Ngamiani.

Mtaniuliza niliaminije. Kabla hajagusa gari alikwenda dirishani kwa mama, "Shikamoo mama," akatoa kiti chake mwenyewe akakiweka kivulini, akamtuma kijana maji ya baridi. Nikamuuliza bei ya kuangalia tu, akasema, "Kuangalia silipishi, kaka. Mimi nalipwa gari ikipona." Noah moja na bajaji mbili zilikuwa zinasubiri. Ovaroli safi, testa mfukoni. Mtu akimheshimu mama yako namna ile, moyo unalegea. Naendesha mwaka wa 14 huu, gari silijui kwa kusimuliwa, ila umeme siujui, na nadhani hilo aliliona usoni kwangu mapema sana.

Akaniambia nikae kiti cha dereva niwashe ya kushoto. Ikapiga mbio. Akainama chini ya usukani, akapapasa karibu na boksi la fyuzi, akachomoa flasha, kile kidude kinachopepesa indiketa, na kuitikisa sikioni kwangu. "Unasikia? Ndani kumekatika." Wallahi nilisikia kitu. Leo nadhani zilikuwa funguo kwenye kiganja chake. Akainusa, akanipa na mimi ninuse. "Imeungua hii." Nikanusa, nikakubali. Mimi mtu mzima, nikakubali.

Akaingia nayo kwenye kontena, ati kulinganisha, akakaa kama dakika tano. Hapohapo kijana wake akaniomba ufunguo wa buti akague waya za nyuma. Nikampa. Sikugeuka hata mara moja kuangalia anafanya nini, macho yangu yalikuwa kwenye mlango wa kontena. Bosi wake akatoka na kinailoni, ndani yake flasha safi inang'aa. "Oriji ya Japani, imebaki moja. Elfu sitini, ila kwa ajili ya mama nakupa arobaini na tano." Ilikuwa inanukia petroli, nikadhani ni mikono yake. Akasema niichomeke mwenyewe nijiridhishe, akaufunika mkono wangu kwa wake, tukaisukuma pamoja mpaka ikakaa. Nikawasha. Tik, tak. Tik, tak. Taratibu, kama siku gari ilipotoka bandarini. Mama akasema alhamdulillahi kutoka pale kitini. Nikatoa sh. 45,000, na 15,000 ya ufundi, nikamuombea dua yule bwana na biashara yake. Hiyo dua inaniuma kuliko hela.

Jumamosi ikarudi kupiga mbio. Nikampigia, akasema flasha mpya lazima izoee siku tatu. Jumatatu nikarudi, sasa akasema tatizo ni swichi ya usukani, inaagizwa Dar, 130,000, nitangulize 80,000. Nikatuma kwa simu. Lilitokea jina la mwanamke, akasema ni laini ya mkewe. Tangu siku hiyo simu yake haipatikani, kontena kufuli, majirani zake wanasema kasafiri.

Sasa sikilizeni hili. Jumatano nakata kushoto pale Majani Mapana, indiketa nimewasha, naisikia inalia kwenye dashibodi. Bodaboda akanipita kushoto, nyuma kapakia binti wa shule na begi lake. Alikanyaga breki, pikipiki ikayumba, goti la yule mtoto likapita karibu na bampa yangu kiasi cha kiganja. Dereva akanipigia kelele, "Washa indiketa wewe!" Nilitaka kumjibu kuwa nimewasha. Kesho yake njia ya Pongwe trafiki akanisimamisha: taa ya nyuma kushoto haiwaki. Faini 30,000. Ndipo nilipojua kumbe siku zote hizo mimi na huyo anayejiita fundi tulikuwa tunahangaika na mbele ya gari, na nyuma ni giza.

Nikaenda kwa mzee wa Makorora aliyekuwa akitengeneza gari za marehemu baba, nilipotakiwa kwenda tangu mwanzo. Hakugusa usukani kabisa. Akasimama nyuma, akasema, "Washa hazadi." Yaani indiketa zote nne kwa pamoja. Tatu zikawaka, ya nyuma kushoto kimya. "Flasha yako nzima, mwanangu. Hizi zote inazipepesa hiyohiyo moja." Akafungua buti, akachomoa holda ya balbu. Balbu imeungua, kioo cheusi. Vyuma vya holda vimejaa kutu ya kijani, kwa upepo huu wa bahari, isipokuwa sehemu moja iliyokwanguliwa kwa bisibisi juzijuzi tu. Kijana wa kontena alikwangua, akapachika balbu iliyochoka, ikawaka siku mbili.

Mzee akanieleza. Kila upande una balbu mbili za wati 21, mbele na nyuma. Moja ikifa, umeme unaovutwa unapungua karibu nusu, flasha inaanza kupiga mbio, na imetengenezwa hivyo makusudi ili dereva ajue kuna taa haiwaki. Kwa hiyo mbio za upande mmoja ni dalili kwamba flasha inafanya kazi yake! Yule mtu alijua. Aliposikia ile tiktiktik tu alijua ni balbu ya sh. 2,000.

Halafu mzee akachomoa flasha, akanipa. Mwaka juzi sikio la flasha yangu lilivunjika, nikaifunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwa gundi isiwe inagongagonga. Hii niliyouziwa sikio moja haina. Ubavuni kuna ukanda mwembamba wa gundi, na vipande vya mpira mweusi vimeganda humo. Ni yangu. Alinichomolea, akaibandua tyubu, akaiosha kwa petroli, akaniuzia. Ndiyo maana mkono wake haukutoka juu ya wangu.

Sh. 170,000 pamoja na faini. Lakini nisingeandika kwa ajili ya hela. Naandika kwa ajili ya yule binti. Mtu anayeacha gari iingie barabarani bila taa ya nyuma huku anajua, huyo si tapeli wa kawaida, anyang'anywe vifaa, kontena livunjwe, afikishwe mahakamani mbele ya wote aliowala. Na kijana wake naye, asijitetee kuwa katumwa. Serikali ya mtaa wanamuona kila siku hapo, hana kibao, hatoi risiti, wamuulize kibali.

Ukipelekwa mbele, mwenzako asimame nyuma ahesabu taa. Kitu kikichomolewa kwenye gari yako kisiingie ndani bila wewe. Akiomba ufunguo wa buti, shuka. Na hela usitume kwa jina usilolijua, hili hata mtoto analijua, na mimi nilituma.

RB ya polisi ninayo. Jina lake nimewapa polisi, hapa siliweki. Kinailoni chake ninacho na ujumbe wa muamala haujafutwa. Flasha nimeirudisha kwenye gari, inafanya kazi. Nyie wa Noah na zile bajaji mliokuwa pale Alhamisi asubuhi, kama na nyie mliuziwa kitu, nitafuteni twende kituoni pamoja Jumatatu saa tatu.