Baltimore, Bethesda au Washington: ukiwa na hela ya maonesho mamoja tu ya katuni

Ikifika Agosti, Waswahili wenzangu wa huku Maryland huanza kunipigia: dada, mwaka huu watoto tunawapeleka katuni ya wapi? Wana haki ya kuuliza, maana tumezungukwa na maonesho ya vitabu vya katuni. Baltimore kuna Baltimore Comic-Con. North Bethesda kuna Small Press Expo, ambayo kila mtu anaiita SPX. Washington penyewe kuna Awesome Con. Zote tatu unaenda na kurudi siku hiyo hiyo bila kulipia hoteli, na kila moja ina watu wake wanaoapa kwamba hizo nyingine ni kupoteza muda. Mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Tiketi mbili, nauli na chakula, hapo zamu nzima imeyeyuka. Kwa hiyo mabango hayanibabaishi. Naangalia kitu kimoja tu: ule ukumbi wamepewa akina nani?

Jibu langu nalitoa mapema, asiye na muda aishie hapa. Ukiwa na hela ya maonesho mamoja, nenda Baltimore. Ukiwa na mtoto anayechora, namaanisha anayechora kweli, mpaka pembeni mwa madaftari ya hesabu, mpeleke SPX. Awesome Con waachie wapenzi wa filamu na tamthilia, wala sisemi kwa dharau.

Nianze na hiyo Awesome Con nimalizane nayo. Ilianza mwaka 2013, inafanyika kwenye jumba kubwa la mikutano la Walter E. Washington, na kwa usafiri hakuna inayoishinda: unashuka kituo cha Mount Vernon Square na jumba hilo mbele yako. Wachora katuni wapo, na wazuri wapo. Lakini wanaovuta umati ni waigizaji, na kwa mwigizaji tiketi ya mlangoni ni salamu tu. Saini unalipia peke yake, picha ya pamoja unalipia peke yake. Binti aliyeshona mwenyewe kwa miezi vazi la mhusika anayempenda, akabandika na mabawa, atafurahi pale kuliko popote, maana atasimamishwa apigwe picha kila hatua. Mimi mabawa sina. Halafu kuna maonesho fulani, mji siutaji, nilipanga foleni ya mwigizaji mpaka miguu ikavimba, nilipobakiza watu wachache mbele yangu tukatangaziwa kwamba bwana mkubwa ameshaondoka kuwahi ndege. Tangu siku hiyo mwigizaji namwangalia kwenye televisheni, bure.

Sasa Baltimore. Haya yalianzishwa mwaka 2000 na Marc Nathan, mtu mwenye duka lake la katuni, na mkono wa mwenye duka unauona mara tu unapoingia. Maboksi! Maboksi meupe marefu ya karatasi, meza baada ya meza, ndani katuni za zamani zimesimama wima kwenye mifuko ya plastiki, kila moja imeegemezwa kadibodi nyembamba isijikunje. Watu wameinama, hawasemi, vidole tu vinafanya kazi: fyu, fyu, fyu. Hapo ndipo ninapopapenda. Ni Kariakoo iliyotulia. Kuna maboksi ya dola moja ambayo mtoto anaweza kuchimba mpaka mikono ikawa myeusi, na hatua chache tu mbele kuna katuni zilizofungiwa kwenye plastiki ngumu, zikapewa alama za ubora mpaka 10, ambazo bei yake ni kodi ya nyumba. Hizo angalia kwa macho.

Bei inapatana. Wabongo wengi wakifika hapa wanaona aibu kuomba kupunguziwa, sijui nani aliwaambia Wamarekani hawapatani. Kusanya kumi kutoka kwa muuzaji mmoja, ziweke mezani, muulize zote pamoja atakuachia ngapi. Jumapili alasiri ndiyo saa yenyewe, kwa sababu mtu akiangalia yale maboksi na akifikiria kuyarudisha kwenye gari, moyo wake unalainika wenyewe. Lakini kabla hujalipa, toa katuni kwenye mfuko wake kwa ruhusa, angalia mgongo pale penye pini, kisha fungua katikati. Zile za zamani zilikuwa na kuponi za kukata, na kuna watoto wa enzi hizo walikata kweli. Jalada linang'aa, ndani kuna shimo la mraba, na nyuma ya shimo hilo nusu ya hadithi imekwenda.

Wachoraji nao wana nafasi yao ya heshima, hawajasukumwa karibu na vyoo. Unafika mezani, unamkuta mtu aliyechora kitabu ulichokisoma, anachora mbele yako, na kuongea naye hulipi. Ukitaka akuchoree kitu, nenda Ijumaa mlango ukifunguliwa. Kufika Jumamosi mchana mwenye jina ameshajaza orodha yake. Haya pia ndiyo maonesho yenye tuzo za katuni za Ringo, zilizoanza 2017 kwa kumbukumbu ya mchoraji Mike Wieringo, aliyefariki 2007. Kabla ya hapo walikuwa wakitolea pale tuzo nyingine za katuni, za Harvey. Na Maryland yenyewe ni nyumbani kwa biashara hii: Diamond, kampuni iliyosambaza katuni kwa maduka ya Marekani kwa miongo, ilikuwa na makao yake nje kidogo ya Baltimore, kabla ya kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2025. Kwa hiyo ukikaa na wauzaji wazee, hadithi zao ni za watu waliokuwa jikoni.

Lakini usafiri wa Baltimore una mtego. Ukiangalia ramani utaona treni ya MARC ya Camden Line inaishia karibu kabisa na ukumbi, utafurahi, utapanga Jumamosi. Camden Line haitembei wikendi! Wikendi chukua treni nyingine ya MARC, Penn Line, kutoka Union Station ya Washington au New Carrollton, shuka Penn Station ya Baltimore, kisha malizia na treni ya mjini, Light Rail, ina kituo hapo hapo ukumbini. Mwenye gari naye afungue kwanza ratiba ya timu za mji, Orioles ya besiboli na Ravens ya mpira wa Kimarekani. Viwanja vyote viwili viko jirani, na siku wanacheza nyumbani maegesho yanapanda bei. Chakula cha ndani ya kumbi hizi sikipendi popote. Tembea mpaka Lexington Market, soko la tangu karne ya 18, kale keki ya kaa, urudi. Mlangoni tu uliza kwanza utaratibu wa kutoka na kuingia tena.

SPX ni dunia nyingine kabisa. Ilianza 1994, inafanyika hotelini, Marriott ya North Bethesda, na ndani ya ukumbi ule hutaona boksi hata moja la katuni za zamani, wala mwigizaji. Ni meza tu, na nyuma ya kila meza kuna aliyekichora kitabu au aliyekichapisha. Kimechapwa mashine ya ofisini, kimepigwa stepla kwa mkono, kimeshonwa kwa uzi, vyovyote. Mimi nimekulia Temeke, nikisoma gazeti la katuni la Sani, la kuazimana mpaka jalada linakatika, Ndumilakuwili na Lodi Lofa nawajua kuliko baadhi ya binamu zangu. Harufu ya karatasi ya bei rahisi yenye wino mwingi hainitishi. Na usidhani ni takataka: Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyiko maalumu wa kazi za SPX tangu 2011. Kijitabu cha dola chache unachonunua pale, ndugu yake huenda yuko kwenye kabati la serikali.

Tuzo yao inaitwa Ignatz, jina la panya wa katuni ya zamani ya George Herriman aliyekuwa akimrushia paka matofali, na mshindi anapewa tofali. Tofali kweli, la kujengea. Wapiga kura ni watu wa kawaida waliokuja kwenye maonesho. Mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi na tano, alijaza karatasi yake ya kura kwa uzito kuliko wakubwa wengine ninaowafahamu siku ya uchaguzi.

Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kupaheshimu mahali hapo. Mama mmoja mezani alimwona anang'ang'ania kijitabu kidogo akijiuliza kimetengenezwaje. Akachukua karatasi moja tupu, akaikunja mara tatu, akaifungua, akakata mstari mmoja katikati, akaisukuma kwa vidole huku na huku, ikawa kitabu cha kurasa nane bila gundi wala pini. Akampa na mkasi: haya, wewe sasa. Kijana alikaa chini kwenye zulia la koridoni mpaka akamaliza kuchora chake, akarudi, wakabadilishana. Baltimore wangeweza kumwonesha, ndiyo, lakini pale nyuma yake kuna wateja, biashara inakimbia.

Tahadhari mbili za SPX. Vitabu vingi ni vya watu wazima, vingine vya watu wazima hasa, na majalada yake ni ya upole mno. Mtoto wa miaka minane usimwache azunguke peke yake. La pili, kwa tunaokaa Silver Spring: kwa macho ni jirani, lakini treni ya Red Line inakuzamisha mpaka katikati ya Washington ndipo ikupandishe tena upande wa pili, ushuke kituo cha North Bethesda ambacho zamani kiliitwa White Flint. Kama kuna rafiki mwenye gari, mnunulie chai.

Baltimore na SPX mara nyingi zote huangukia Septemba au Oktoba, na ndiyo maana ugomvi wa nyumbani kwetu hauishi. Kijana ameshaacha kuomba tiketi. Sasa anataka meza yake mwenyewe SPX. Meza za pale zinatolewa kwa bahati nasibu. Nimemwambia ajaze fomu, akibahatika karatasi na stepla juu yangu, ila mezani atakaa yeye mwenyewe siku zote mbili. Akasema, "Shangazi, na chenji nani atashika?"